Sentensi za Arvid

Jumatatu, 14 Januari 2019
Kendra, mhariri wetu, kapiga simu kutoka New York. Wanataka toleo la tatu la kitabu chetu cha kutengeneza boila, mitambo ya kupashia nyumba joto. Chetu! Arvid, mwandishi mwenzangu, ana miezi kumi kaburini. Nikauliza mrabaha je? Asilimia kumi ile ile, kasema. Ila maneno ya marehemu yakishuka chini ya robo ya kitabu, jina lake linatoka kitabuni na fungu la mjane wake linakoma. "Linakuja kwako, Norma. Si kazi yote utafanya wewe?" Kweli. Toleo la pili, nikigawanya kwa saa, nililipwa chini ya mkaanga chipsi. Nikakubali.

Jumamosi, 26 Januari
Sura ya valvu za gesi. Aliiandika Arvid, enzi zile tunafundisha wote chuo cha ufundi hapa Duluth. Kila sentensi naisikia kwa sauti yake. "Usiharakishe, dada. Gesi haina haraka." Nikafuta. Chumba kikanyamaza — kimya cha mtu anayekutazama. Nikahamia meza ya jikoni. Huko pia.

Ijumaa, 8 Februari
Nimekutana na Inkeri, mjane wake, dukani. Kanishika mkono, kumbe hundi ya kitabu ndiyo inayompashia nyumba joto. "Arvid bado ananitunza, shoga yangu." Nikacheka. Nikacheka!

Jumanne, 19 Februari
Maneno ya Arvid: asilimia ishirini na saba. Kompyuta inahesabu yenyewe. Leo nimebadilisha aya zisizo na kosa lolote. Paa langu linavuja, meno yangu mabovu, nami nimetoa jasho — sasa najitetea kwa nani?
Mgongoni nahisi kama pumzi yake.

Jumatano, 20 Februari
Ishirini na nne.

Alhamisi, 12 Septemba
Vitabu vimefika asubuhi. Mchana Inkeri kaja na mkate wa iliki, kunipongeza. Hajui. Barua ya wachapishaji ya kumkatia fungu bado haijamfikia. Kakaa sebuleni, kavaa miwani, kitabu mapajani.
"Jina lake wameliweka ukurasa gani, Norma?"
Nimemwambia subiri, nachemsha kahawa. Naandika haya nimesimama. Kahawa ilishachemka zamani. Nasikia kurasa zikigeuzwa, polepole, mpaka mwisho. Zinarudi mwanzo. Anaanza upya, moja moja.
Kitabu kimefungwa. Kiti kimelia, anakuja jikoni —