Mama, Mkwewe na Majibu ya Mwanza

Jumapili jioni, Kibondo.

Mvua ya mchana imekatika na baridi imeingia mpaka kwenye magodoro. Nimevaa sweta la mume wangu juu ya langu na bado vidole vinagoma. Mnaonifuata hapa kwa ajili ya mishono ya vitenge mnisamehe, leo hakuna picha ya gauni. Naandika kwa sababu nisipoandika nitalia, na kulia nimeshalia vya kutosha.

Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi.

Haya, nimeshaiandika. Tuendelee.

Kwa wageni: mimi ni fundi cherehani hapa sokoni. Mume wangu, Baba Jonas, ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Mama ni mkulima wa maharage na mihogo kule Kumsenga, mjane, mtu wa utani, na akikukuta umekaa bure atakutafutia kazi. Sisi ni Waha, na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Vijana wengi wa mjini wameshalegeza. Mama hajalegeza hata kidogo. Tangu niolewe, akija kwangu hukaa jiko la nje, na Baba Jonas akirudi kazini hukohoa uani kwanza ili mama apate muda wa kujifunika kanga. Mimi ndiye mtu wa tatu wao. Nilikuwa nawatania kwamba wanapendana kama watu waliogombana.

Kiangazi kilichopita, tukichambua maharage, mama aliniambia kwamba damu imerudi. Alisema kama anayesimulia habari za jirani. Ilikuwa imekoma miaka mingi. Akacheka, akasema labda ujana umemkumbuka. Mimi sikucheka. Ukiishi na tabibu unajifunza mambo ambayo ungependa usiyajue.

Hapa niseme kitu, maana kwenye blogu hii nimeshaisema sana serikali kuhusu umeme unaokatika nikiwa na nguo za harusi mezani. Jengo la akina mama limejengwa pale hospitali ya wilaya, na ni zuri. Lina chumba cha uchunguzi chenye mlango unaofungika, taa nzuri na mashine ndogo ya kuunguza vidonda vya mwanzo kabla havijawa saratani. Baba Jonas alipelekwa kozi kusomea kazi hiyo pamoja na nesi mmoja wa kike wa hapa hapa. Alirudi kama mtoto aliyepewa baiskeli. Jumamosi zake zote zikaishia kwenye gari la matangazo, kipaza sauti mkononi, akiwabembeleza wanawake waje wapime mapema. Nakumbuka jirani yetu wa zamani aliyeugua ugonjwa huu huu. Alizungushwa kwa waganga, akanyweshwa mizizi, na hospitali alifika siku ya kufa. Wakati ule hata angewahi, sijui angepimwa na nani. Kwa hiyo nilipoliona jengo lile likipakwa rangi nilijisikia vizuri, na sioni haya kusema hivyo.

Mama alipougua, yule nesi alikuwa likizo ya uzazi. Jengo lilikuwepo, kitanda kipo, mashine ipo, mtaalamu yupo.

Ila mtaalamu ndiye mkwe.

Nilipomtajia hospitali ya Kibondo, mama alinitazama kama nimemtukana. Akasema bora afe na heshima yake. Nilikasirika. Nilimwambia maneno kuhusu mila za kizamani ambayo sitayaandika hapa. Halafu usiku nikajiuliza kama mimi, na usasa wangu wote, ningeweza kulala kwenye kitanda kile mbele ya baba mkwe wangu. Jibu lilikuja haraka sana. Asubuhi nikampigia mama simu kumwomba radhi.

Baba Jonas hakukasirika hata kidogo. Alisema hata yeye asingeweza. Akampigia simu nesi wa Kasulu waliyesoma naye kozi, tukaenda. Barabara sasa ni lami, na mama aliisifia njia nzima kama vile nimeijenga mimi. Nesi yule ni mama wa makamo, ushungi umemkaa vizuri, na hakuanza na ugonjwa. Alimwamkia mama shikamoo, akamuuliza maharage yamevunwaje mwaka huu, wakalalamikia wadudu pamoja. Mama akapanda kitandani mwenyewe bila kubembelezwa. Nesi alipomaliza alisema kidonda kimeshapita hatua ya kuunguzwa, lakini bado ni kidogo. Akakata kipande cha nyama kipelekwe kupimwa Mwanza, akasema majibu yatarudi Kibondo kwa sababu ndiko karibu na kwetu.

Yalirudi Ijumaa. Najua hivyo leo, kwa sababu Ijumaa Baba Jonas aliacha samaki wa mgebuka kwenye sahani, naye kwa mgebuka hana masihara. Nilimuuliza, akasema ni uchovu. Jana akaniomba nimwite mama aje leo baada ya misa. Hapo nikajua. Nilimbana mpaka mwisho, na alichonijibu ni kwamba majibu ni ya mgonjwa kwanza. Nilimwambia hana moyo. Hakubisha, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Mama alifika na bodaboda, mchicha mkononi. Akakaa kwenye kigoda jiko la nje, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Baba Jonas akatoa stuli nje ya mlango wa nyuma, akakaa akilipa jiko mgongo na kutazama migomba. Mimi nilisimama katikati uani na sufuria mkononi. Sijui kwa nini nilishika sufuria.

"Mwambie mama majibu yamekuja," akasema.

"Mama, anasema majibu yamekuja."

"Ego," mama akaitikia. "Mwambie mkwe wangu namsikiliza."

Mtu asiyetujua angecheka, maana tulikuwa tunasikiana wote. Siku nyingine hata mimi hucheka.

"Mwambie ile nyama waliyoikata Kasulu, wameikuta na saratani."

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Nilijaribu tena. Matone ya mvua yakaanza kugonga sufuria, nami nikabaki nimeachama kama samaki. Baba Jonas alisubiri. Mama alisubiri. Kwa desturi yetu neno lilikuwa bado halijafika, ingawa sote watatu tulikuwa tumeshalisikia. Nilitaka lisifike. Nitasema ukweli wangu hapa: kwa dakika ile niliona kwamba nisipolitamka, mama atabaki mzima.

"Leokadia, kaa chini, mwanangu," mama akasema.

Nikakaa juu ya ndoo. Kisha akapaza sauti kidogo, na hakuwa anasema na mimi.

"Baba, nitapona?"

Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumsikia akimwambia neno moja moja kwa moja. Baba Jonas aliinuka kutoka kwenye stuli kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Hakugeuka.

"Sijui, mama," akasema. "Nikikwambia ndiyo nitakuwa nakudanganya. Ila tumewahi. Zamani ilikuwa lazima Dar, na wengi hawakufika. Sasa mashine za mionzi zipo Mwanza. Ukianza mapema una nafasi nzuri. Ukikaa nyumbani huna."

Mama akafikiri. Akauliza mionzi inauma? Akajibiwa kwamba kulala kwenye mashine hakuumi, ila baadaye itamchosha na tumbo litamsumbua. Akauliza atakaa huko muda gani, na nani atavuna muhogo. Akauliza na mengine, ya siri za kike, ambayo mimi bintiye sijawahi kuthubutu kumuuliza. Baba Jonas aliyajibu yote akiiangalia migomba, polepole, bila maneno makubwa ya kidaktari, shingo yake imelowa kwa mvua. Nilimpenda mume wangu leo kuliko siku aliyonioa. Hilo nalo liandikwe.

"Huko madaktari watasema mambo nisiyoyaelewa," mama akasema. "Na huyu wangu kazi yake ni kulia tu. Itabidi uje wewe."

"Nitakuja, mama."

Mama akaivuta kanga yake, akaiweka sawa usoni, kisha akanigeukia mimi kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Leokadia, mwambie mkwe wangu aingie ndani. Analowa."

Nikamwambia. Safari hii sauti ilitoka.

Sasa mama amelala chumba cha Jonas, chini ya paa la mkwewe, jambo ambalo Kumsenga hawataliamini. Jonas amefurahi kulala chumbani kwetu. Begi nimeshalifunga: vitenge, sweta, karatasi za rufaa, na unga wa muhogo kwa sababu mama anadai wa Mwanza hauna ladha, ingawa hajawahi kufika. Alfajiri tunapanda basi, na viti wameshavipanga kupitia kwangu. Baba Jonas atakaa mbele, mama nyuma, mimi katikati yao.

Naogopa. Naogopa sana, na hapa sina sababu ya kuficha. Lakini kama huko Mwanza daktari atasema neno na mimi nikaishiwa tena sauti, hawa wawili wataongea.