Mfalme Kipofu Anaomba Ruhusa

Jumatatu, 12 Januari 2015
Theluji tena. Nimefika Maplewood, nyumbani kwa Profesa, nimechelewa. Nimemwogesha Profesa, dawa, uji, kisha kitabu. Macho yake hayaoni herufi siku hizi, kwa hivyo namsomea mimi. Utenzi ule ule wa kale wa Kisanskriti, vita vya ndugu kwa ndugu. Ana tafsiri mbili za Kiingereza. Moja mpya, nyepesi, tamu kusoma. Nyingine ya zamani, majuzuu rafu nzima, Kiingereza kama cha Biblia ya nyanya yangu. Anataka hiyo nzito. Kabla ya kila sura anaghani beti za mwanzo kwa Kisanskriti, kwa kichwa, ndipo ananiashiria nisome.
Nimechoka nayo. Sijamwambia.

Ijumaa, 16 Januari
Nimemuuliza kwa nini hataki ile nyepesi. Amesema mfasiri mpya alichagua alichokipenda. Yule wa zamani hakumnyima msomaji kitu, hata orodha za farasi. Profesa alifundisha utenzi huu chuoni maisha yake yote na bado anamtaja mtu huyo kwa heshima.
Leo ni sura ya mfalme mzee, kipofu, wanawe wote wamekufa vitani. Anamwomba mtoto wa nduguye, ambaye ndiye anatawala sasa, amruhusu aache ikulu aende kumalizia siku zake msituni. Ananyimwa. Anasusia chakula. Anaomba tena. Profesa aliughani mwanzo wake mara mbili.
Nimelia. Baba alifia Nakuru nikiwa huku, kwenye shifti.

Jumanne, 27 Januari
Profesa yuko hospitali tangu Jumamosi. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa, na Kiingereza hakimtoki tena. Binti yake Anita amekuja kutoka Lakeville. Alizaliwa hapa Marekani, lugha za babake hazijui. Madaktari wamependekeza mrija wa chakula, kisha makao ya kutunzia wagonjwa. Profesa anafunga mdomo, anageuza uso ukutani. Anarudia maneno fulani, yale yale, siku nzima. Anita anasema akili imevurugika.
Nimejiona bure kabisa.

Alhamisi, 29 Januari
Nimeyajua maneno yale. Nilikuwa namkata kucha. Ni mwanzo wa sura ya mfalme kipofu: mwendo ule ule, na pale anapovuta pumzi.
Niliogopa. Mimi msaidizi tu, Kisanskriti sijui hata neno. Nikikosea, mtu atakufa kwa sababu ya sikio langu. Nikamwambia Anita hata hivyo. Akanipa ufunguo wa nyumba nikalete vitabu.
Katika ile nyepesi, mstari mmoja: mfalme akaenda msituni. Basi. Katika ile nzito, sura yote. Niliisoma kando ya kitanda, polepole. Nilipofika pale mfalme anapoomba ruhusa, Profesa alinyamaza. Akaweka mkono wa kushoto juu ya ukurasa.
Anita akasema, "Baba, unaniomba nikuache urudi nyumbani? Bila mrija?"
Profesa akamfinya kidole.
Daktari akaitwa, akauliza naye, akaligeuza swali mara tatu. Jibu halikubadilika. Anita akasema hapana, hawezi, akatoka nje. Nilimkasirikia. Baadaye nikakumbuka hata kitabuni waliomnyima ni wale waliompenda.

Jumamosi, 31 Januari
Anita ametia sahihi. Mrija hakuna. Kesho Profesa anarudi Maplewood, na wauguzi watakuja kumpunguzia maumivu. Anita ameniambia ameisoma sura ile peke yake, mara nne, ndani ya gari pale parking. Hatimaye yule kijana anayetawala alikubali, amesema, na mzee akambariki.
Namwaza mfasiri yule. Alikaa na maneno yote, hata yanayochosha, bila kujua nani atayahitaji. Vizazi vimepiga miayo juu ya kazi yake, mimi nikiwa mmoja wao. Angeiruka sura hii, tusingemsikia Profesa.

Jumapili, 8 Februari
Kutwa niko kwa Profesa. Kanisa nimelikosa, sina majuto. Anita ndiye anasoma sasa. Majina yanamshinda, anayarudia hadi yakae. Profesa amekula vijiko viwili vya mtindi, cha tatu amekataa, hakuna aliyemlazimisha. Nimekunja shuka. Nimepika chai. Sura ilipoisha, Anita aligeuza ukurasa akaendelea.