Figo za Ukoo Gani

Mama Elia mpenzi,

Natangaza rasmi kwamba nyumbani kwa mama yako huku Marangu chumvi imepigwa marufuku. Daktari alimkataza Elia peke yake, lakini mtori ni wa sufuria moja, basi tumeugua figo wote. Mlima nao umejifunika mawingu tangu tufike, kama aliyesusa chakula.

Damu ya mtoto ilipochukuliwa kule Moshi kupimwa kama uvimbe wake wa figo ni wa kurithi, maana ukiwa hivyo vidonge anavyomeza havitamfaa, mama yako alisema, "Figo za ukoo wetu ni nzima, Baba Elia. Ulizeni huko kwenu Singida." Nikamjibu, "Sawa, mama," nikaendelea na mtori.

Jana majibu yalitoka. Ni wa kurithi: nusu kwangu, nusu kwako. Vidonge vinapunguzwa taratibu hadi viachwe, na ataanzishiwa dawa nyingine. Leo asubuhi nimekuta mama yako ameniwekea jani la isale kando ya bakuli langu. Huku ndilo la kuombea radhi, na halikataliwi. Nimelipokea kwa mikono miwili.

Elia anakusalimu na anamuulizia mdogo wake uliyebaki naye huko. Tumekukumbuka sana.

Mtori bado hauna chumvi.