Nilichokiona Nilipofumba Macho

Kakamega, Ijumaa jioni

Na makofi ya kilo wakampa yeye! Mimi, niliyefundisha Kiswahili katika shule hii kwa miaka kumi na tisa, nilipigiwa makofi ya adabu tu.

Leo wazazi walialikwa waone jinsi walimu wanavyofunza. Neno letu lilikuwa "kuwaza". Nilieleza kwa utaratibu kwamba kuwaza ni kuunda akilini taswira ya jambo lisilokuwepo mbele ya macho, nikatoa mifano minne. Mzazi mmoja alipiga miayo.

Kisha akasimama Nekesa, mwalimu mpya ambaye nilimfunza mimi mwenyewe akiwa kidato cha pili.

"Wazazi wangu, fumbeni macho. Wazeni mko nyumbani kwa mama, wageni wamefika. Mnaona nini mezani?"

"Ingokho, kuku wa wageni!" mzee mmoja akapaza sauti. "Lakini firigisi, kipande cha heshima, wamempa mkwe!"

"Hata kwa mawazo unanyimwa, Baba Shiundu?" mkewe akamchokoza.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Mwalimu, kongamano la kaunti mwaka huu tumpeleke Nekesa. Wewe umeenda sana."

Nikamjibu kwamba ni sawa.

Si sawa hata kidogo. Alipotuambia tufumbe macho, nami nilifumba. Sikuona kuku. Nilimwona Nekesa akisahau maneno, wazazi wakimcheka, nami nikisimama kumwokoa kwa upole mkubwa. Katika miaka yote ya kulieleza neno hilo, sijapata kuona taswira iliyo bayana kama ile.