Jiwe Lako Katika Mto Chania

Cucu, bibi yangu mpendwa,

Jumatatu naondoka Nyeri kwenda Mwea kufundisha watoto wa nasari, na wewe hupo wa kunipeleka mtoni. Ndiyo maana naandika. Unajua mimi si mtu wa kuongea. Hata shuleni, jina langu likiitwa, nilinyoosha mkono tu. Kwenye karatasi najaribu.

Kila mtu wa nyumba yetu aliyekwenda mbali ulimpeleka Chania kwanza. Baba alipokwenda kutafuta kazi Nairobi. Shangazi alipoolewa Endarasha. Uliteremka ule mteremko ulio nyuma ya soko, ukavua viatu, ukakaza leso, ukaingia hadi magotini. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, hakuna aliyeona chini, lakini mguu wako ulikwenda moja kwa moja juu ya jiwe lako. Ulichota kwa kiganja, ukanywa kidogo, ukajitemea kifuani, kisha ukatemea viganja vya anayeondoka. "Thaai," ulisema, ukiomba amani. "Nenda kama maji. Rudi kama mvua."

Nilikuwa nikijificha nyuma ya gauni lako nikiona haya kwa niaba yako, hasa Mama Nilesh wa duka la vitambaa alipotukuta. Yeye alishuka na maua yake ya manjano kuyaacha yaende na maji, kwa sala zake. Ulimngoja kwa hamu.

"Mama Nilesh, kila siku maua. Mto haijashiba?"

"Hii mto yako inakula sana, mama. Mimi nalipa kodi tu."

"Basi lipa na ya huyu wakini wangu. Yeye hata salamu hajui kulipa."

Mlicheka nyote wawili, nami nikatamani ardhi inimeze. Wakini, mtu wa rika lako. Uliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina lako, kana kwamba tulikua pamoja.

Siku moja nilitumbukiza sufuria yenye masizi mtoni. Ulinishika mkono kwa nguvu. "Ati unaosha masizi ndani ya mdomo ya watu?" Kisha ukakaa ukaniambia kwamba ulipokuwa msichana jua liliwaka hadi jiwe likaonekana, na wazee wakachinja kondoo pale ukingoni. "Siku jiwe ikitoka nje," ulisema, "mjue mto inatuuliza kitu." Nilitaka kujua unauliza nini. Niliona haya kukuuliza.

Cucu, jiwe limetoka.

Masika hii haikuja. Theluji ya Mlima Kirinyaga imekuwa kama chumvi iliyomwagika mezani. Mifereji ya mtaani inakohoa tu, na watu wamerudi mtoni na mitungi. Nilipomwambia Mama kwamba nimepata kazi, alisema atanitolea sala kanisani, inatosha. "Mambo ya kutemeana mate tuliacha na Cucu wako. Na huo mto yenyewe imeisha." Nililala nikijua kwamba nitakuwa mtu wa kwanza wa nyumba yetu kuondoka bila maji.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Mama mlangoni, leso kiunoni, na kibuyu chako kidogo mkononi.

"Twende," alisema. "Usiniulize kitu."

Nisingeuliza, hata hivyo.

Mto uliobaki ungeweza kuuruka. Maji membamba yalikuwa yamejikunja kule ng'ambo, kijani, hayaendi. Na upande wetu, jiwe lako, kavu, kubwa kuliko nilivyofikiri. Juu yake kuna mashimo mawili laini, marefu kama nyayo. Nilivua viatu nikasimama pale, na miguu yangu ikaingia. Cucu, mtu mmoja hawezi kulichimba jiwe kwa nyayo zake, hata akiishi miaka mingi kama wewe. Ni wanawake wangapi walisimama hapo kabla yako, katika maji ambayo hawakuona ndani yake? Miaka yote hiyo nilidhani jiwe ni lako.

Kando yake akina mama walikuwa wamechimba mchanga na kukaa foleni. Tuliangalia maji yakipanda ndani ya shimo, polepole, safi kabisa, yakitoka mahali tusipopajua. Mama Nilesh alikuwa amefika na maua yake. Hakukuwa na maji ya kuyabeba, akayaweka juu ya jiwe.

"Cucu wako angenicheka," aliniambia. "Angesema leo nimeacha kodi mlangoni, mwenye nyumba hayuko."

Mama alipiga magoti kando ya shimo, kisha akasita. Yale maji yalikuwa ya wenye foleni. Mama mmoja mwenye mtungi wa njano akamsukuma bega. "Chota. Si ni ya mtoto?"

Basi akachota. Akapanda jiwe, akanywa, akajitemea kifuani, akatemea viganja vyangu. Yalikuwa na baridi ileile ya mto. "Thaai," alisema kwa sauti yake ya kanisani. "Nenda kama..." Akatazama kokoto zilizokauka hadi kwenye kona ya mto, na neno likakataa kutoka.

Na mimi, Cucu, mbele ya foleni nzima, nikasema kwa sauti, "Naenda kama maji. Nitarudi kama mvua."

"Thaai," wakajibu wote, hata Mama Nilesh.

Sijui kama hilo ndilo mto ulilokuwa ukiuliza. Mama aliyarudisha shimoni maji yaliyobaki kibuyuni, tukapanda mteremko, viganja vyangu nimevifumba hadi nyumbani.

Jumatatu naanza safari. Ukiona mawingu yakishuka kutoka mlimani, jua narudi; nitangulie pale chini unishikie nafasi juu ya jiwe.

Wakini wako,
mjukuu uliyemwachia jina