Masuke ya Baba Siku ya Saba Saba

Dada Skola, shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba.

Nipo Idete kwa Baba, na leo ni Saba Saba. Alfajiri aliosha jembe, akavaa shati jeupe, akafunga masuke ya mpunga kwa kamba ya mgomba, kama yeye na marehemu Mama walivyofanya kila mwaka kwa maandamano ya wakulima, enzi zile Saba Saba ilipokuwa sikukuu yao. Nikamsindikiza uwanjani. Hapakuwa na mtu. Muziki ulikuwa unapigwa kilabuni.

Mama mmoja anayekaanga samaki akamwambia, "Mzee, wakulima siku hizi ni Nane Nane. Leo tunakula sikukuu tu."

"Sikukuu ya nini?" Baba akauliza.

Yule mama akacheka. "Si ya Saba Saba!"

Baba akasimama pale, jembe begani, mpaka jua likawa kali. Mimi niliona aibu, Dada, nikajifanya nachagua samaki. Aibu ile naijutia mpaka sasa.

Tukirudi akapitia makaburini, akayalaza masuke kwa Mama. "Huyu hahitaji kuelezwa," akasema.

Wabusu watoto. Saba Saba ya mwakani uje, Dada. Tuandamane naye, hata tukiwa watatu tu.

Mdogo wako,
Tasiana