Kompyuta Inayobahatisha

Mjukuu wangu, mume wangu Mussab,

Salamu kutoka Utange. Dadako Afrah ananiandikia huku akicheka. Uliposema chuoni mnafundisha kompyuta kubahatisha jibu, nilidhani wasomea ramli, nikamwita maalim akusomee dua. Afrah akanieleza kuwa ni hesabu: kompyuta hukisia, hupima kosa lake, hukisia tena mpaka ilikaribie jibu.

Sasa mamako aniambia umefeli mtihani mmoja, wataka kuacha chuo uje kupakia magunia bandarini. Wallahi huna haya. Rudia mtihani. Ukija kabla ya hapo, mlango nitaufunga, biriani nile na Afrah. Ukirudia ukafeli tena, njoo baba, sahani yako ipo.

Nyanyako mwenye hasira na mapenzi,
Bi Maimuna